Shusha Kidogo Tu

Katika kwaya hakuna ombi fupi kama "shusha kidogo." Mwimbaji hulitoa huku amejishika koo, waumini wameshakaa, na hutaka litekelezwe kabla hajameza mate. Mpiga ngoma halimhusu. Ngoma haina pa kushukia. Mpiga kinanda hubonyeza kitufe kimoja, kinanda kizima kikateremka, naye akaendelea kumung'unya pipi yake. Anayebaki akihesabu vidole ni mpiga gitaa.

Mimi ndiye mpiga gitaa. Kiti changu kiko nyuma ya sauti ya nne, chini ya feni isiyozunguka, katika parokia moja ya Dar es Salaam ambayo siitaji kwa sababu bado nataka kuendelea kukikalia. Kutoka kwenye kiti hicho nimejionea kwamba amani ya kwaya haitunzwi na mwenyekiti, wala na katiba, wala na faini ya wachelewaji. Inatunzwa na kifaa kidogo kinachobana shingo ya gitaa, kiitwacho kapo. Na kuichagua kapo ni kazi ngumu kuliko kumchagua mwenyekiti, maana mwenyekiti akizidi kubana kuna uchaguzi mwingine, lakini kapo ukishatoka nayo dukani Kariakoo hairudi.

Kwa wale ambao gitaa wanaliona tu likiwa shingoni mwa mtu, nieleze haraka. Shingo ya gitaa imepandwa vijiti vya chuma vinavyoitwa freti. Kila freti unayopanda, sauti inapanda nusu toni, na ukifika ya 12 uzi umebaki nusu yake, sauti ni ile ile lakini imehamia ghorofa ya juu. Mpiga gitaa wa kiwango changu anaishi kwa kodi chache: G, C, D, A na E maina. Nazungumzia kodi za vidole, si zile za mwenye nyumba. Kodi hizi ni tamu kwa sababu baadhi ya nyuzi hubaki wazi, zinajilia zenyewe, nawe huku unapata nafasi ya kujifuta jasho.

Taabu ni kwamba Mungu hakuwaumba watu katika G. Kiongozi wetu wa sauti ya kwanza, ambaye kwa heshima nitamwita Mama Sauti ya Kwanza, aliumbwa katika B flati. Hapo ndipo anapong'ara. Sasa B flati kwenye gitaa ina maana kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi na kuzikandamiza, kisiinuke, tangu kiitikio cha kwanza hadi baraka ya mwisho. Ubeti wa kwanza kidole kinatii. Ubeti wa pili kinauliza kama kuna ubeti wa tatu. Ukifika wa nne, ambao mtunzi aliuongeza bila kumshauri mtu, mkono mzima umekufa ganzi na wewe unamwomba mtakatifu ambaye si wa siku hiyo.

Kapo ni kidole cha shahada cha kununua. Unakifunga freti ya 3, kinabana nyuzi zote, hakichoki wala hakiombi maji. Wewe unapiga kodi zako za G kama kawaida, na kinachotoka ni B flati. Vidole vinadhani viko nyumbani kumbe viko ugenini. Kapo freti ya 1, kodi za G zinatoa A flati. Freti ya 3 na kodi za C, unapata E flati, ufunguo ambao peke yangu nisingethubutu kuugusa hata kwa kijiti.

Mambo yangeishia hapo kama koo la binadamu lingekuwa linakaa mahali pamoja. Misa ya kwanza, saa 12 asubuhi, sauti ya Mama iko kisimani, inabidi tuiteremkie. Misa ya saa 4 amekwisha kunywa chai ya tangawizi, amesalimiana na watu, amepata na habari mbili tatu za mtaa, sauti iko darini. Wimbo ule ule, mtu yule yule, siku ile ile, toni mbili zimepotea katikati. Mwalimu wa kwaya anatoa "do", Mama anaionja, anakunja uso, kisha linakuja lile ombi.

Sikilizeni sasa siri ambayo wauza kapo hawaitangazi: kapo haishushi. Inapandisha tu. Chini ya freti ya kwanza hakuna freti nyingine. Kuna kichwa cha gitaa na baada ya hapo ni hewa. Wimbo uko G, Mama anautaka katika F, na kapo haina njia ya kwenda huko kwa kurudi nyuma. Kwa hiyo unafanya hesabu. Unapanda mpaka freti ya 3 na kupiga kodi za D, hapo F inatoka. Au unapanda mpaka ya 5 na kupiga kodi za C, F tena. Ili ushuke, unapanda. Nimewaeleza jambo hili wahandisi na wahasibu wakalielewa mara moja. Mama Sauti ya Kwanza yeye husikiliza kwa macho.

"Kaka, nimesema shusha. Mbona unapandisha?"

"Nashusha, Mama."

"Nakuona hapa unapandisha. Ulikuwa huku, sasa uko kule."

Sauti ya pili yote inageuka kuangalia mkono wangu. Tunaimba, sauti iko chini kama alivyoomba, na bado akimaliza anasema ameumia koo kwa sababu gitaa lilikuwa juu. Tangu hapo nikitakiwa kushusha huwa nageukia ukutani kwanza. Watu wanadhani nasali.

Mpiga kinanda, ambaye hana freti na wala hana huruma, ana msimamo wake kwamba kapo ni ya wanaojifunza. Aliutoa mbele ya kamati nzima. Nilimjibu kistaarabu. Nilimwambia kwamba Wahispania wanaopiga flamenko, watu wenye vidole ambavyo ukivitazama kwa muda mrefu unaumwa kichwa, hufunga kapo kwa sababu ile ile ya kwetu: mwimbaji. Kule mwimbaji mwenyewe humtajia mpiga gitaa freti anayoitaka, na hakuna anayeona haya. Paco de Lucía alikuwa akiifunga. George Harrison wa The Beatles, mwaka 1969, alirekodi "Here Comes the Sun" kapo ikiwa freti ya 7, ambako shingo inaanza kuisha. Mpiga kinanda alihamisha pipi kutoka shavu moja hadi jingine akauliza, "Kwani wao walikosa kinanda?"

Kapo ya kwanza niliyoijua maishani haikununuliwa. Baba yangu mdogo alikuwa na gitaa kavu, lile ambalo wazee waliliita galatoni, na kapo yake ilikuwa penseli iliyofungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Penseli inalazwa juu ya nyuzi, mpira unazungushwa nyuma ya shingo, unakazwa, kazi imekwisha. Hivyo ndivyo alivyofukuzia nyimbo za Jean-Bosco Mwenda, yule bwana wa Katanga aliyeimba Kiswahili cha kwao na ambaye Hugh Tracey alimrekodi "Masanga" mwaka 1952 huko Jadotville, siku hizi Likasi. Alizifukuzia miaka mingi bila kuzikamata, lakini penseli haikuwa na kosa.

Alikuwa na masharti yake. Penseli iwe ya pembe sita, kwa sababu ya mviringo hubiringika katikati ya wimbo. Isiwe fupi. Na iwe yangu. Nilikwenda shule na penseli zenye makovu sita yaliyolingana nafasi, na mwalimu aliyezikagua aliamini kwamba nazitafuna kwa mpangilio. Ukanda wa mpira ulipolegea alikata mwingine kwenye mpira wa baiskeli ya jirani, hivyo muziki wa familia yetu na pancha za mtaa ule vilikuwa na uhusiano ambao haukuwahi kuchunguzwa. Wakati huo Marekani walikuwa wameshaandikisha hati miliki ya kapo tangu mwaka 1850, kwa jina la James Ashborn, mtengenezaji magitaa wa Connecticut. Baba mdogo hakuarifiwa.

Uzuri wa penseli ni kwamba haikupi uchaguzi. Ninyi mnaokwenda dukani leo mna shida kubwa zaidi. Nilipokwenda Kariakoo, kijana muuzaji aliniwekea mezani sinia zima la kapo: za springi, za skrubu, za ukanda, nyeusi, za dhahabu, za bluu, moja ya waridi. Nikauliza tofauti yake.

"Kaka, kapo ni kapo. Sema rangi."

Rangi haina neno. Kinachouma ni umbo la shingo. Magitaa ya nyuzi za chuma yana ubao uliobinuka kidogo, na katika mengi mbinuko huo ni kipande cha duara ambalo nusu kipenyo chake ni kama sentimita 40. Kwa macho huuoni, lakini ukipitisha rula kwa upana utaiona inachezacheza. Magitaa ya nyuzi za nailoni, yale ya klasiki na flamenko, ubao wake ni bapa, tena mpana: karibu milimita 52 pale shingo inapoanzia, wakati ya chuma ni kama 43. Ukifunga kapo bapa kwenye shingo iliyobinuka, nyuzi za katikati zinabanwa vizuri na zile za pembeni zinavuma. Ukifunga iliyobinuka kwenye shingo bapa, za pembeni zinakaa na za katikati ndizo zinazolalamika. Na ukifunga kapo fupi kwenye shingo pana, uzi wa sita unabaki nje kabisa, unapiga wimbo wake.

Ndiyo maana kapo hujaribiwa kwenye shingo itakayoivaa, na ndiyo maana gitaa langu lilipanda daladala. Konda alilitazama, akanitazama, akasema huyo naye alipiwe, au apakatwe. Nililipakata. Dada aliyekaa kando yangu alipakatwa na kichwa cha gitaa mpaka Mnazi Mmoja, na kila gari lilipofunga breki nyuzi zilitoa kodi ambayo hadi leo sijaijua jina. Dukani nilijaribu sinia lote, moja baada ya nyingine, nikipiga uzi mmoja mmoja na kusikiliza mvumo. Foleni ilijengeka. Mzee mmoja aliyekuja kununua betri za redio alinishauri nichukue ya waridi, aende zake.

Nilitoka na ya ukanda, kwa sababu ilifanana na ya baba mdogo na bei yake ilikuwa ya kiungwana. Ni ukanda wa mpira wenye matundu na kindoano: unauvuta, unauning'iniza kwenye tundu, umemaliza. Haina uzito, inakaa kwenye mfuko wa shati. Ila ukitaka kubana zaidi unarukia tundu la pili, na kati ya tundu moja na jingine hakuna cha katikati. La kwanza linavuma, la pili linakaba. Na mpira, ninyi mnaujua, una siku zake.

Siku ya ukanda wangu ilifika kwenye sendofu. Bibi harusi mtarajiwa anaingia na wapambe wake, wanacheza hatua mbili mbele moja nyuma, ukumbi umesimama, na mimi niko kwenye freti ya 4 nikibembeleza. Ukanda ukakatika. Kindoano kiliruka juu ya meza ya wazazi kikatua kwenye sahani ya mshereheshaji, katikati ya pilau. Wimbo nao ulianguka toni mbili kwa mpigo, kutoka ulipokuwa hadi ulipozaliwa. Waimbaji waliushika hewani, wakashuka nao. Wapambe waliendelea kucheza, kwani wapambe hawachezi ufunguo. Mshereheshaji alikiinua kile kindoano kwa uma, akauliza kwenye kipaza sauti kama kuna mgeni aliyepoteza hereni. Kinamama watatu waligusa masikio yao.

Baada ya hapo nikahamia kwenye skrubu. Hii ndiyo ya wenye masikio. Ina mkono wa chuma unaokumbatia shingo, na nyuma kuna kidude cha kukaza kwa kuzungusha. Unakaza taratibu huku unapiga uzi mmoja mmoja, na pale mvumo unapokoma, unaacha. Hapo pana elimu kubwa kuliko bei ya kifaa. Uzi ukishagusa freti umefika. Ukiendelea kuukandamiza unauvuta, na uzi uliovutwa sauti yake hupanda. Kapo inayobana kupita kiasi inalitoa gitaa lote kwenye ufunguo hata kama ulilityuni asubuhi kwa machozi. Kwa hiyo siri yote ya kapo ni hii: bana kiasi cha kuondoa mvumo, usiongeze hata robo ya mzunguko. Iweke karibu kabisa na freti, upande wa kichwa cha gitaa, si juu ya freti yenyewe wala katikati ya uwanja. Ikae imenyooka. Kisha sikiliza nyuzi upya, maana kufunga kapo ni kulisumbua gitaa, na gitaa lililosumbuliwa huhitaji kuulizwa hali.

Kasoro ya skrubu ni muda. Mama Sauti ya Kwanza anasema "shusha kidogo." Nageukia ukutani. Nalegeza skrubu, natoa kapo, nahesabu, napanda freti ya 3, naweka sawa, nakaza, nasikiliza uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nyuma yangu kikohozi cha kwanza. Cha pili. Padri anatazama kitabu ambacho amekwisha kukimaliza. Nageuka na uso wa mtu aliyetimiza wajibu, gitaa limekaa sawasawa kuliko wakati wowote katika historia yake, na Mama anasema, "Au basi, turudi pale pale."

Nikanunua ya springi. Hii ndiyo mnayoiona kwa wapigaji wengi: umbo la koleo, mikono miwili, unaiminya inafunguka, unaiachia inabana. Inahamishwa kwa mkono mmoja kati ya pigo na pigo, na usipoitumia unaibandika kwenye kichwa cha gitaa inakaa. Lakini springi haina kiasi. Nguvu iliyotoka nayo kiwandani ndiyo hiyo hiyo kwa shingo nene na nyembamba, kwa uzi mgumu na mlaini. Ukiifunga upesi inazisukuma nyuzi pembeni. Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye husikia shapu kabla sijapiga, alianza kufumba jicho moja kila ninapoifunga.

Hilo lingestahimilika. Nisilolitarajia ni kwamba kapo ya springi ni kifaa bora cha nyumbani. Nguvu yake yote inayonishinda kanisani inahitajika jikoni. Ilianza kwa mfuko wa unga wa ngano. Nilikuta imeubana mdomo vizuri kabisa, imenyooka, bila kuvuma.

"Mke wangu, hiyo ni kapo yangu."

"Hiki kibanio? Kina nguvu kweli. Viko viwili?"

Tangu siku hiyo naitafuta kapo kama polisi, kwa kufuata ushahidi. Nimeikuta kwenye pazia la sebuleni upepo wa kusi ulipoanza. Nimeikuta kwenye kamba ya nguo, imeshika shuka ambalo vibanio vya plastiki vilishindwa. Nimeikuta imefunga pakiti ya maziwa ya unga ya mtoto, na aliyeifunga aliniambia nikiichukua nitapika mimi. Shemeji yangu, alipokuja kututembelea, alibania risiti zake zote. Jumamosi moja niliifunga freti ya 2 mbele ya kwaya nzima, nikapiga kodi ya kwanza, na wingu dogo jeupe likapanda polepole mbele ya uso wangu. Ngano. Sauti ya tatu walipiga chafya kwa zamu.

Sasa nije kwenye Jumapili iliyonipa msimamo. Gitaa nilikuwa nimeliacha ukutani kapo ikiwa freti ya 3, kwa sababu za kitaalamu: ikiwa kwenye gitaa haiko kwenye unga. Mpwa wangu, kijana mwenye moyo wa kusaidia na simu yenye programu ya kutyuni, alilishusha Jumamosi usiku. Akapiga uzi wa sita. Programu ikamwambia G. Anajua kwamba uzi wa sita ni E, kasoma. Akalegeza mpaka taa ya kijani ikawaka. Uzi baada ya uzi, E, A, D, G, B, E, zote kijani, kapo ikiwa imekaa pale pale freti ya 3 ikimtazama.

"Mjomba, nimekutyunia gitaa. Liko safi."

Mnaojua mmekwisha kushika vichwa. Asiyejua ahesabu nami: gitaa lilikuwa sahihi kuanzia freti ya 3, maana yake kapo ikitolewa lote liko chini nusu toni tatu. Wimbo wa mwanzo siku hiyo ulikuwa katika G, na Mama aliridhika nayo bila neno, jambo ambalo lingetosha kuniogopesha. Nikaitoa kapo nikaibandika kichwani mwa gitaa. Mwalimu akahesabu. Kinanda kikatoa G. Mimi nikapiga umbo la G kwa moyo wangu wote, ikatoka E.

Sauti ya kwanza na ya pili zinakaa upande wa kinanda. Sauti ya tatu na ya nne zinakaa upande wangu. Kila mtu akamfuata jirani yake, kama Maandiko yanavyoelekeza, na maandamano ya kuingia yakasindikizwa na nchi mbili. Padri alipunguza mwendo. Watoto wa altare walitazamana, mmoja akageuza mshumaa kwa fadhaa. Mpiga kinanda aliacha kumung'unya, nadhani alimeza.

Mkono wangu wa kushoto ulifanya kazi bila kuniuliza. Kati ya pigo la tatu na la nne niliinyakua kapo kichwani, nikaiachia freti ya 3, nikaendelea na kodi zile zile. G ilirudi kanisani. Sauti ya tatu na ya nne zikapanda ngazi, zikawakuta wenzao, na kiitikio kikapasuka kwa nguvu ambayo hatujawahi kuipata katika mazoezi. Kwa skrubu tungekuwa tumefika kwenye mahubiri bado nakaza.

Baada ya misa kamati ilikaa. Uchunguzi ulikuwa mfupi. Ilionekana wazi kwa wote kwamba kinanda kilikuwa kimebonyezwa kile kitufe chake cha kuhamisha, kikaanza mahali pabaya, na kwamba mpiga gitaa, kwa ukomavu, alikifuata kilipo ndani ya mstari mmoja. Mwalimu alinishika mkono. Mama Sauti ya Kwanza alisema siku zote amekuwa akiviogopa vyombo vya umeme. Mpiga kinanda alikibonyeza na kukibonyeza kile kitufe, akakitazama, akatikisa kichwa. Sikuona sababu ya kuvuruga maelewano yaliyopatikana kwa shida namna hiyo. Mpwa wangu nilimnunulia soda.

Zipo na kapo nyingine. Ipo ya wenzo, ambayo Rick Shubb, mpiga banjo wa California, aliifanya ijulikane duniani: unapima kwa skrubu ndogo mara moja kwa shingo yako, kisha kila ukifunga unasukuma wenzo tu, inarudia mbano ule ule. Inachanganya sikio la skrubu na haraka ya springi, na bei yake inachanganya zote mbili pia. Zipo zinazobana nyuzi chache na kuacha nyingine. Ipo ya magurudumu, inayoteleza juu ya shingo wimbo ukiendelea. Hiyo sitaki Mama ajue kwamba ipo.

Kwa hiyo mkiniuliza, ninyi mnaokwenda Kariakoo mwisho wa mwezi, rangi mwachieni muuzaji. Chukueni gitaa lenyewe, na nauli ya gitaa. Tazameni ubao, umebinuka au ni bapa, mwembamba au mpana. Pigeni uzi mmoja mmoja na msiangalie foleni. Anayerekodi chumbani peke yake, mlango umefungwa, anunue ya skrubu. Muda ni wake. Anayempigia mwimbaji mwenye koo la misa mbili anunue ya springi na kujifunza kuisogeza karibu na freti. Mwenye fedha anunue ya wenzo. Mwenye mpira wa baiskeli na mtoto anayesoma shule tayari anayo.

Na mwenye mke, watoto, unga na pazia anunue mbili za springi. Moja aibandike kwenye gitaa, mahali pa wazi, waichukue. Nyingine asimwonyeshe mtu.